Kubana ni rahisi, tuulizane habari ya kufungua

Wahandisi wetu vijana wana mashindano ambayo hayatangazwi popote. Kila mmoja anataka faili la kuwashia kifaa chake liwe dogo kuliko la mwenzake, na akilipunguza kwa kilobaiti mia moja, siku hiyo chai ni juu yake. Sina ugomvi na udogo. Ugomvi wangu ni kwamba faili hilo linabanwa kwenye laptopu yenye memori ya gigabaiti 16, kisha linapelekwa likafunguliwe ndani ya ruta yenye memori ya megabaiti 32, na katikati hapo hakuna aliyejiuliza litafungukia wapi.

Mimi ni fundi wa mitandao, karakana yangu iko Ngamiani, Tanga. Kazi inayonilipia pango ni kufunga wifi madukani na maofisini. Kazi ninayoipenda ni kufufua ruta kuukuu ambazo wenyewe wamezichoka, nikaziwekea programu nyingine na kuzipeleka mashuleni. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho, tena kwa miwani, maana maandishi ya kwenye bodi hizi ni madogo na umri nao haujifichi.

Msomaji ambaye si wa fani hii anivumilie kidogo. Ndani ya ruta, king'amuzi cha televisheni, kamera ya ulinzi, hata baadhi ya mashine za kupokelea malipo, kuna kompyuta kamili. Kompyuta hiyo ina sehemu mbili za kuwekea mambo. Ya kwanza ni flashi, inayotunza programu hata umeme ukizimika. Ya pili ni memori, ile mnayoiulizia kwa jina la RAM mnaponunua simu. Humo ndimo programu inapofanyia kazi, na umeme ukikatika, vyote vilivyomo vimepotea. Programu hulala kwenye flashi ikiwa imebanwa ili ienee. Ukiwasha kifaa, programu ndogo iitwayo butiloda huamka ya kwanza, hulitafuta faili lililobanwa, hulifungua na kulimimina kwenye memori, kisha huiachia Linux iendelee. Yote haya huisha kabla taa ya wifi haijaanza kupepesa.

Wafanyabiashara wa mitumba wanaijua hesabu hii kuliko wahandisi. Belo likishushwa kwenye lori limekazwa mikanda mpaka halibonyei, na kibanda cha hatua tatu kinalipokea bila shida. Kazi huanza unapokata mikanda. Nguo zinavimba, zinamwagika, na huwezi kuchambua gredi ya kwanza wala ya pili kama huna pa kuzitandaza, ndiyo maana belo hukatwa pale penye uwanja. Ruta haina uwanja. Kile kibanda ndicho chote ilicho nacho.

Chukueni TP-Link TL-MR3420 ya matoleo ya mwanzo, ile ruta nyeupe yenye tundu la kuchomekea modemu ya USB. Imepita mikononi mwangu mara nyingi mno. Flashi yake ni megabaiti 4, memori megabaiti 32. Kati ya hizo 4, kilobaiti 128 za mwanzo ni za butiloda, na kilobaiti 64 za mwisho ni vipimo vya redio ya wifi vilivyoandikwa kiwandani. Ukivifuta hivyo, wifi yako ndiyo basi. Zinabaki kilobaiti 3,904. Humo ndimo zinamobanana kerneli, yaani kiini cha Linux, programu nyingine zote, na nafasi ya kuandika mipangilio ya mwenye ruta, yaani jina la mtandao wake na nywila. Flashi hufutwa kwa vipande vya kilobaiti 64, na mfumo wa mafaili wa JFFS2 unaotunza ile mipangilio hukataa kufanya kazi vipande vikiwa chini ya vitano. Vikibaki vinne utauona ukilalamika kwamba vipande ni vichache, na tangu hapo kila ukizima ruta, ikiwaka imesahau uliyoiambia jana.

Basi kubana hakukwepeki, na kilobaiti 64 kweli zinaweza kuwa ndizo mpaka kati ya ruta nzima na ruta yenye usahaulifu. Hapo vijana wana haki yao.

Sasa tuangalie kubana kwenyewe. Njia nyingi za kubana hutumia wazo moja: kitu kilichokwisha kuandikwa hakiandikwi tena, faili huacha maelekezo tu kwamba rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa. gzip, iliyotoka mwaka 1992 kwa kazi ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, hairudi nyuma zaidi ya kilobaiti 32. LZMA ya Igor Pavlov, Mrusi aliyeandika 7-Zip, hurudi nyuma kadiri utakavyoiruhusu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kubana kwake vizuri. Ule umbali wa kurudi nyuma huitwa kamusi. Anayefungua hawezi kunakili kitu ambacho hana tena, kwa hiyo inambidi awe nayo kamusi nzima kwenye memori muda wote wa kufungua. Anayebana ndiye anayechagua ukubwa wa kamusi. Anayefungua ndiye anayelipa.

Namba zenyewe si siri, zimo kwenye mwongozo wa xz, programu inayotumia LZMA2 ambayo watu wa Linux wanaijua. Usipotaja kiwango, inatumia cha 6: kamusi ya megabaiti 8, na anayefungua anahitaji megabaiti 9. Ukiandika 9, kamusi ni megabaiti 64 na anayefungua anahitaji 65. Anayebana kwa kiwango hicho anatumia megabaiti 674, ambazo kwenye laptopu ya kijana hazionekani hata kidogo. Haya, wekeni 65 ndani ya 32.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba hiyo 9 mara nyingi haina faida yoyote. Kamusi ikishakuwa kubwa kuliko faili lenyewe, hakuna zaidi cha kukumbuka. Mafaili yenye jumla ya megabaiti 6 kabla ya kubanwa hayapungui kwa kutoka kiwango cha 6 kwenda cha 9, maana tofauti ya viwango hivyo ni ukubwa wa kamusi tu. Lakini kichwa cha faili kimeandikwa 64, na kifunguzi kinachotii kichwa kitaomba 64.

Kijana mmoja, mhitimu wa uhandisi, alinijia na bodi ya kifaa chake cha kupima kina cha maji kwenye matangi ya kijiji. Kifaa kizuri, wazo zuri. Bodi ina memori ya megabaiti 32 na haiwaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imekufa au imegoma?"

"Imegoma. Kwenye laptopu faili linafunguka vizuri kabisa."

Bodi nyingi huwa na vitundu vinne pembeni, vya kusomea maneno ambayo kifaa kinajisemea kikiwaka. Nilichomelea nyaya tatu, nikaunganisha kebo ya siriali kwenye kompyuta, kasi 115200, nikawasha. Maandishi yakateremka: butiloda ikajitambulisha, ikahesabu memori, ikaifungua kerneli bila tatizo, kerneli nayo ikaanza kuorodhesha vipande vya bodi. Kisha ukaja mstari mmoja wa Kiingereza ukisema kifunguzi cha XZ kimeishiwa memori, na punde tu baada yake kerneli ikapaniki kwa kukosa mfumo wa mafaili wa kuanzia. Kijana alikuwa ameusoma mstari wa mwisho peke yake, ule wa paniki, akadhani flashi ni mbovu. Alishanunua nyingine.

Nikamuuliza kiwango alichobania. Tisa, tena na ile alama ya kuongeza juhudi.

Tulibana upya kwa kamusi ya megabaiti 1, na katika kuiandika amri upya tukaisahau alama ya CRC32 aliyokuwa ameiweka yeye. Bodi ikagoma tena, safari hii ikisema faili limebanwa kwa mipangilio isiyoijua. Hilo nalo lina maelezo yake: xz isipoambiwa kitu huweka hakikisho la CRC64 ndani ya faili, na kifunguzi kidogo kilichomo ndani ya kerneli hakilitaki, kinajua CRC32 au kutokuwa na hakikisho kabisa. Tukairudisha CRC32. Ikawaka. Faili liliongezeka kidogo sana na likaenea bila kugusa kitu kingine. Maneno mawili kwenye amri moja, na yule bwana alikuwa karibu kuagiza bodi nyingine kutoka China.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulichanganya, nami nitalisema polepole. Si kila kinachobanwa ndani ya kifaa hufunguliwa kwa namna moja. Kerneli yenyewe hufunguliwa kwa mkupuo mmoja, moja kwa moja hadi pale itakapokaa, na kile kilichokwisha kufunguliwa ndicho kinachokuwa kamusi. Kwa hiyo kamusi kubwa kwenye kerneli haiongezi memori hata kidogo. Ibaneni mpaka mchoke, mradi butiloda isilimimine faili lililofunguliwa juu ya lile lililobanwa kabla halijamaliza kulisoma. Mafaili ya kuanzia, yale ambayo kerneli huanza nayo kazi ikishawaka, ni habari nyingine. Hayo hufunguliwa kidogo kidogo, na kamusi hutengewa memori yake kando. Ndiyo sababu wenye kerneli wenyewe, wanapoyabana kwa xz, wamejiwekea kamusi ndogo ya megabaiti 1. Watu wanaojua kuliko sisi wamepima wakachagua 1, na sisi tunachagua 64.

Mtu ataniambia basi tuachane na xz, twende kwenye vitu vyepesi. Wengine wameiogopa xz tangu Machi 2024, pale Andres Freund alipogundua mlango wa siri uliopachikwa kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Lile lilikuwa jambo la usalama na lilishughulikiwa, halihusiani na ubora wa kubana. Na huo wepesi nao uchunguzwe. LZ4, ambayo Yann Collet, Mfaransa, aliitoa mwaka 2011, inasifiwa kwa kufunguka haraka, na sifa hiyo ni ya haki. Ila kerneli ya Linux hutumia umbo lake la zamani, linalokata mambo katika vipande vya megabaiti 8, na kwa mafaili ya kuanzia kifunguzi hutenga megabaiti 8 nzima za kupokelea kila kipande. Ni nyepesi kwa prosesa. Kwa memori ya ruta yetu, hiyo ni robo nzima.

Kutowaka kabisa, hata hivyo, ni ugonjwa wa nafuu, kwa sababu unauona siku hiyo hiyo. Unaonikosesha usingizi ni ule wa ruta inayowaka.

Kwenye ruta hizi, programu nyingi hazifunguliwi zote wakati wa kuwaka. Hukaa kwenye flashi ndani ya mfumo wa mafaili uitwao SquashFS, uliogawanywa vipande, na kila kipande kimebanwa peke yake. Ruta ikihitaji sehemu ya programu, inafungua kile kipande husika tu. Aliyejenga programu huchagua ukubwa wa kipande. Kikiwa kikubwa, kinabanwa vizuri zaidi, kwani kuna mengi ya kulinganisha. Ukubwa wa juu unaoruhusiwa ni megabaiti 1.

Tatizo ni kwamba memori husomwa kwa kurasa za kilobaiti 4. Ruta ikitaka ukurasa mmoja wa kilobaiti 4, inalazimika kufungua kipande kizima, hata kama ni megabaiti nzima. Memori ikiwa tele hakuna anayejali, kinafunguliwa mara moja na kilichopatikana kinabaki. Memori ikibana, kerneli hutafuta cha kutupa, na cha kwanza kutupwa ni kurasa za programu, kwa hoja kwamba zinaweza kusomwa tena kutoka kwenye flashi. Sekunde hiyo hiyo zinahitajika tena. Inafungua megabaiti nzima ipate kilobaiti 4, inakosa pa kuziweka, inatupa nyingine, ambazo nazo zinahitajika. Prosesa ya megahezi 400 inashinda ikifungua kipande kile kile. Taa zote zinawaka, wifi inaonekana kwenye simu, na hakuna kinachopita.

Niliikuta hali hiyo kwenye shule moja ya sekondari. Mwalimu wa TEHAMA alishazoea: asubuhi intaneti nzuri, darasa likiingia na kompyuta zake, ruta inaganda, anaichomoa na kuichomeka. Wanafunzi walikuwa na imani kwamba ruta ina aibu ya watu. Aliyekuwa amejenga programu yake alitumia kipande cha kilobaiti 1,024 ili apate nafasi ya kuweka ukurasa wa mipangilio wenye rangi na michoro. Nilijenga nyingine kwa kipande cha kilobaiti 64. Faili likanenepa, kwa hiyo nikautoa ule ukurasa wa michoro, na mipangilio ikawa inafanywa kwa kuandika amri. Mwalimu hakufurahi. Alinionyesha daftari lake la amri kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Lakini darasa la arobaini liliingia na ruta haikuganda.

Mradi wa OpenWrt, ambao ndio chimbuko la programu ninazotumia, unalijua jambo hili. Kwa kawaida hutumia kipande cha kilobaiti 256. Kwa vifaa vyenye flashi ndogo hupandisha hadi 1,024. Ukiwaambia kwamba kifaa kina memori ndogo, hushuka hadi 64, hata kama flashi nayo ni ndogo. Someni hapo: vikigongana flashi na memori, wao wameipendelea memori. Nami naona wamehukumu sawa. Ukikosa nafasi kwenye flashi unaambiwa siku ya kujenga, mbele ya kompyuta yako, ukiwa na chai pembeni. Ukikosa memori anaambiwa mwalimu wa watu, saa nne asubuhi, kwa lugha asiyoielewa.

Kuna na muda wa kuwaka. Huko kwenye nchi ambazo umeme haukatiki, ruta huwashwa mara moja ikasahauliwa. Kwetu inaweza kuwaka mara kadhaa kwa siku moja, na kila mara duka zima linaisubiri, na muuza duka anatazamana na mteja. Muda wa kuwaka una sehemu mbili: kulisoma faili kutoka kwenye flashi, na kulifungua. Flashi ikiwa ya polepole na prosesa ina nguvu, faili dogo linashinda. Flashi ikiwa ya haraka na prosesa dhaifu, inashinda njia rahisi ya kufungua, hata faili likiwa kubwa. Nick Terrell wa Facebook, aliyeipeleka zstd, njia nyingine ya kubana, kwenye kerneli, alieleza kwamba kwenye mashine zao kufungua mafaili ya kuanzia kulishuka kutoka sekunde 12 hadi 3 walipoiacha xz. Kuyabana mafaili ya kuanzia kwa zstd kukaingia rasmi kwenye Linux 5.9, Oktoba 2020. Ubuntu nao kwenye toleo la 19.10 walihamia LZ4 kwa sababu ya kasi. Wote hao wana flashi na diski za kumwaga. Mkiwa na bodi ya flashi ya megabaiti 128 na memori ya 64, fuateni njia yao, ila msiandike kiwango cha 22 kwenye zstd, kwani dirisha lake ni megabaiti 128. Cha 19 kina megabaiti 8, nacho kwa bodi hiyo bado ni kikubwa; punguzeni dirisha kwa mkono.

Wachache hukumbuka masasisho. Kwenye ruta za OpenWrt, faili jipya huwekwa kwanza kwenye memori, kisha ndipo likaandikwa kwenye flashi. Yaani ruta ya megabaiti 32, ambayo imeshatumia nyingi kwa kerneli na wifi, inaombwa ibebe megabaiti karibu 4 za ziada huku ikihudumia watu. Nimepokea ruta zilizofia hapo. Ukijenga programu inayoacha memori kidogo mno, umejenga kifaa ambacho hutaweza kukitibu kikipata ugonjwa wa usalama.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 2005 Linksys walitoa toleo la tano la ruta yao maarufu, WRT54G, wakiwa wamepunguza flashi kutoka megabaiti 4 hadi 2 na memori kutoka 16 hadi 8, wakaitoa Linux wakaweka mfumo mwingine, VxWorks. Waliotaka vipimo vya zamani wakauziwa WRT54GL, sura ile ile na jina lenye herufi moja ya ziada. Mnunuzi aliyesimama dukani aliona kasha lile lile la bluu na nyeusi. Na OpenWrt yenyewe, ilipotoa toleo la 21.02 mwaka 2021, ilitangaza kwamba kiwango cha chini sasa ni flashi ya megabaiti 8 na memori ya 64. TL-MR3420 za kwangu ziliachwa kwenye 19.07, ambayo haipati tena marekebisho ya usalama. Ninazipeleka tu pale ambapo hazitazamani na intaneti moja kwa moja, na siku moja nitaacha kabisa.

Jibu la wengi ni rahisi: memori siku hizi ni bei ya chini, nunua kubwa. Ilikuwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za memori zilipanda kwa kasi kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye mashine za akili mnemba. Mtengenezaji anayetaka kubaki na bei ile ile dukani atapunguza nini? Hawezi kupunguza antena, antena zinaonekana.

Zabuni nyingi za ruta zilizonipitia mkononi zinataja kasi ya wifi, idadi ya antena na miaka ya waranti. Flashi na memori hazitajwi. Anayeshinda analeta kifaa cha bei ya chini kabisa chenye antena nne, na hajavunja sharti hata moja. Kwa hiyo naomba maofisa ununuzi waongeze mistari miwili kwenye sharti la kiufundi: flashi isiyopungua megabaiti 16, memori isiyopungua 128. Waongeze na wa tatu, kwamba kifaa kiwashwe mbele ya kamati, kipakiwe watumiaji, na memori iliyobaki isomwe na kuandikwa kwenye hati ya mapokezi. Ni amri moja ya neno moja, na fundi yeyote anaijua.

Kwenu vijana, bodi dhaifu kuliko zote mnazouza iwe juu ya meza yenu, imeunganishwa kebo ya siriali, na kila faili jipya liwakie hapo kabla halijamfikia mteja. Kamusi ichagueni kwa kutazama memori ya bodi hiyo. Ukubwa wa faili likishatoka mtaushughulikia kwa kutoa visivyohitajika, na vipo vingi. Asiye na bodi ya kujaribia aje Ngamiani, ninazo sandukuni.